John Newton: Aliyeimba Neema Kabla ya Kuungama



Katika kitabu hiki mtasoma historia ya kwaya yetu, majina ya waanzilishi na salamu za viongozi wetu. Kamati iliona ni vema tuweke pia maisha ya mtunzi mmoja wa nyimbo, ili tunaposherehekea kuimba kwetu tukumbuke na waliotuachia cha kuimba. Tumemchagua John Newton, Mwingereza aliyetunga wimbo unaojulikana duniani kote kama Amazing Grace. Wimbo huo tumeuimba kwenye mazishi, kwenye krusedi na kwenye Jumapili za Ushirika Mtakatifu. Wengi wetu tunaujua kwa moyo. Maisha ya aliyeutunga hayajulikani vizuri kiasi hicho.

Kuna sababu nyingine ya kumchagua. Neno jubilii tumelipata katika Maandiko, Mambo ya Walawi sura ya 25. Ukisoma mstari wa 9 utaona kwamba tarumbeta ya jubilii ilipigwa Siku ya Upatanisho, siku ambayo Israeli wote walijinyenyekeza mbele za Mungu kwa ajili ya dhambi zao. Baada ya hapo ndipo watumwa waliachiliwa na kila mtu akarudi kwenye ardhi ya baba zake. Kwa hiyo jubilii ya Biblia ilianzia kwenye toba, na furaha ikafuata. Maisha ya Newton yana habari ya watumwa, ya wimbo na ya toba, na yote matatu yanatuhusu leo.

Utoto na ujana wake

John Newton alizaliwa London tarehe 24 Julai 1725. Baba yake alikuwa nahodha wa meli za biashara, mtu asiyeonekana sana nyumbani. Mama yake, Elizabeth, ndiye aliyemlea katika imani. Alimfundisha kusoma, akamfundisha Maandiko na nyimbo za Isaac Watts, mtunzi ambaye tenzi zake tunaziimba hata sisi. Mama huyo alitamani mwanawe awe mchungaji. Lakini aliugua kifua kikuu akafa mwaka 1732, John akiwa hajatimiza miaka 7.

Akiwa na miaka 11 alianza kusafiri baharini na baba yake. Alipokuwa kijana alikamatwa kwa nguvu na kuingizwa katika Jeshi la Wanamaji, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule Uingereza ikiwa vitani. Alitoroka, akashikwa, akachapwa viboko mbele ya mabaharia wote na kuvuliwa cheo. Imani ya mama yake alikuwa ameshaitupa. Alijulikana kwa matusi na kwa kuwadhihaki wenzake waliomcha Mungu.

Mwaka 1745 alihamishiwa kwenye meli ya biashara ya watumwa, na hiyo ikamfikisha pwani ya Afrika Magharibi, sehemu za Sierra Leone. Huko alimtumikia mfanyabiashara mmoja Mzungu aliyekuwa na makao katika visiwa vya Plantain. Mwanamke aliyeishi na mfanyabiashara huyo alikuwa Mwafrika wa ukoo wenye cheo, naye hakumpenda Newton. Newton alipougua homa alinyimwa chakula na hata maji. Alikula mizizi mibichi aliyoing'oa shambani usiku.

Hapa kuna jambo ambalo tunaomba kila msomaji alishike, maana tutalirudia. Waliomsaidia Newton katika njaa ile walikuwa watumwa waliofungwa minyororo, wakingoja kuuzwa. Walimpelekea chakula kwa siri kutoka kwenye posho yao ndogo. Habari hiyo aliiandika Newton mwenyewe miaka mingi baadaye. Hakuwataja majina.

Dhoruba ya mwaka 1748

Baba yake aliomba rafiki mwenye meli amtafute, na Newton akapatikana akiwa hai. Alipokuwa akirudi nyumbani kwa meli iitwayo Greyhound, dhoruba kali iliwakuta katika bahari ya Atlantiki mwezi Machi 1748. Ubavu wa meli ulipasuka, maji yakaingia, baharia mmoja akachukuliwa na mawimbi. Newton alipiga pampu hadi nguvu zikamwishia, kisha akashika usukani ili aiongoze meli. Akiwa pale alijikuta akimwomba Mungu amhurumie. Baada ya majuma kadhaa ya njaa na baridi walifika Ireland. Tangu wakati huo, tarehe 21 Machi ya kila mwaka aliiadhimisha kwa kufunga, kuomba na kushukuru.

Wahubiri wengi husimulia kwamba Newton alikuwa nahodha wa meli ya watumwa, akaokoka katika dhoruba, akawaachilia watumwa na papo hapo akaandika wimbo wake. Hadithi hiyo ni tamu lakini sivyo mambo yalivyokuwa. Siku ya dhoruba hakuwa nahodha bado. Unahodha wa meli za watumwa aliupata baada ya kuokoka.

Mwaka huohuo wa 1748 alirudi Afrika kama msaidizi wa nahodha katika meli ya watumwa. Mwaka 1750 alimwoa Mary Catlett, msichana aliyempenda tangu ujana, na mwaka huo akapewa meli yake ya kwanza. Kati ya 1750 na 1754 alifanya safari tatu akiwa nahodha. Alinunua watu katika pwani ya Afrika, akawavusha bahari na kuwauza katika visiwa vya Karibi. Wakati huo alikuwa mtu wa maombi. Alisoma Biblia kila siku. Jumapili aliwakusanya mabaharia akawaongoza katika ibada juu ya sitaha, huku chini ya sitaha hiyohiyo watu wamelala katika pingu.

Kitabu chake cha safari bado kipo. Mtumwa alipokufa na kutupwa baharini, Newton aliandika namba yake. Jina hakuandika. Mwezi Desemba 1752 aligundua kwamba watumwa wamepanga kuasi. Vijana walioshukiwa aliwatia pingu, akawabana vidole gumba kwa chuma cha kukazwa, ili waungame yote. Mtu huyu aliyewalazimisha wenzake kuungama kwa mateso alikuwa na jambo lake la kuungama, naye hakulijua.

Aliacha bahari mwaka 1754, na hakuacha kwa ajili ya dhamiri. Alipatwa na ugonjwa wa ghafla siku chache kabla ya kusafiri tena, madaktari wakamshauri asiende. Kabla ya hapo alikuwa amerudi Liverpool kutoka safari iliyomalizika bila ajali, akatoa shukrani kanisani kwa ajili ya safari hiyo. Hatuna habari kwamba kuna yeyote kanisani aliyemuuliza meli ile ilikuwa imebeba nini. Liverpool ilikuwa mji uliotajirika kwa biashara hiyo, na waumini wengi walikula kutokana nayo. Kosa likiwa la watu wote, hakuna anayeliona, na wa kumwonya mwenzake hapatikani.

Mchungaji na mtunzi wa nyimbo

Newton alifanya kazi ya forodha Liverpool, huku akijifunza Kigiriki na Kiebrania. Mwaka 1758 aliomba kuwa kasisi katika Kanisa la Uingereza, akakataliwa, akaendelea kungoja. Mwaka 1764 hatimaye aliwekwa wakfu na kutumwa Olney, mji mdogo wa watu maskini, wengi wao wakifuma lesi majumbani mwao kwa ujira mdogo.

Mwaka huohuo alichapisha habari za maisha yake kwa mfano wa barua. Kitabu kilipendwa sana. Alieleza ndani yake matusi yake, kutoroka kwake na dharau yake kwa Mungu. Lakini kuhusu kununua na kuuza watu alisema tu kwamba kazi hiyo haikumpendeza, kwamba ilimfanya kama mlinzi wa jela, na kwamba aliomba Mungu ampe kazi nyingine. Hakuiita dhambi yake.

Kule Olney alikuwa mchungaji mwema. Aliwatembelea watu wake, akawafundisha watoto, akaanzisha mkutano wa maombi wa kila juma. Kwa ajili ya mikutano hiyo alitunga nyimbo, akishirikiana na rafiki yake William Cowper, mshairi aliyesumbuliwa mara nyingi na ugonjwa wa huzuni nzito. Newton alimtunza Cowper kama ndugu. Nyimbo zao walizichapisha mwaka 1779 katika kitabu cha nyimbo 348, nyingi zikiwa za Newton.

Wimbo wa neema uliandaliwa kwa ajili ya ibada ya Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari 1773. Mahubiri ya siku hiyo yalitoka 1 Mambo ya Nyakati 17:16-17, pale Mfalme Daudi anapoketi mbele za Bwana na kustaajabu jinsi Mungu alivyomfikisha hapo alipo. Wanakwaya wenzetu watapenda kujua mambo mawili. La kwanza, tuni tunayoijua leo haikuwapo pamoja na wimbo huo. Maneno yake yana mizani ya 8 na 6, kwa hiyo yaliimbwa kwa tuni yoyote yenye mizani hiyo. Tuni ya sasa iliunganishwa na maneno haya huko Marekani mwaka 1835, Newton akiwa amekufa zamani, hivyo hakupata kuusikia wimbo wake kama tunavyousikia sisi. La pili, ubeti wa mwisho unaoimbwa na wengi, ule wa miaka elfu kumi, si wake. Uliongezwa baadaye.

Kuna la tatu, ambalo ni zito kuliko hayo. Katika wimbo ule Newton anajiita mtu mnyonge, aliyepotea, aliyekuwa kipofu. Biashara ya watumwa haimo. Alipouimba mwaka 1773 alikuwa ameacha bahari kwa karibu miaka 19, na bado hakuwa amesema neno hadharani juu ya watu aliowauza. Inawezekana basi mtu kuimba vizuri kwamba yeye ni mwenye dhambi, machozi yakamtoka, kanisa likaguswa, na dhambi yenyewe ikabaki haijatajwa.

Ungamo la mwaka 1788

Mwaka 1780 Newton alihamia London katika kanisa la St Mary Woolnoth. Mwezi Desemba 1785 alijiwa kwa siri na mbunge kijana aliyeitwa William Wilberforce, ambaye alikuwa ameokoka karibuni na kufikiri kuacha siasa. Newton alimshauri abaki Bungeni, kwamba Mungu anaweza kumtumia huko. Baada ya muda Wilberforce akaongoza vita vya kukomesha biashara ya watumwa.

Mwezi Januari 1788, akiwa na miaka 62, Newton alichapisha kijitabu kuhusu biashara ya watumwa wa Afrika. Alikuwa mchungaji mwenye heshima, nyimbo zake zikiimbwa, vitabu vyake vikisomwa. Hakulazimishwa na mtu. Angeweza kunyamaza hadi kufa. Alifungua kwa kukiri kwamba yeye mwenyewe alishiriki biashara hiyo, kwamba ungamo lake limechelewa mno, na kwamba moyo wake utatetemeka daima kwa kukumbuka aliyoyafanya. Alieleza jinsi mazoea, mfano wa wengine na faida vilivyompofusha, bila kuyafanya hayo kuwa kisingizio.

Kisha akataja mambo yenyewe. Alitaja jinsi watu walivyolazwa wamebanana chini ya sitaha hadi asiweze mtu kugeuka. Alitaja viboko, na kile chuma cha kubana vidole gumba. Alitaja wanawake walivyotendewa na mabaharia. Alikadiria kwamba kwa wastani robo ya watu walionunuliwa walikufa. Kamati ya kupinga biashara hiyo ilikichukua kijitabu na kukisambaza kwa wabunge. Newton aliitwa kutoa ushahidi mbele ya baraza la mfalme na baadaye mbele ya kamati ya Bunge, naye alikwenda akasema. Wenye meli walikuwa na mawakili na fedha, lakini walikuwa na kazi ngumu kumpinga nahodha mwenzao wa zamani aliyejishtaki mwenyewe.

Tangu dhoruba ya 1748 hadi kijitabu cha 1788 ni miaka 40. Kwa hesabu ya Biblia ni miaka ya Israeli jangwani.

Mkewe Mary alifariki mwaka 1790. Newton aliendelea kuhubiri hata macho yalipoisha nguvu na kumbukumbu ikapungua. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha biashara ya watumwa mwezi Machi 1807, naye akaishi kuiona. Alifariki tarehe 21 Desemba mwaka huo, akiwa na miaka 82. Maneno ya kaburi lake aliyaandika mwenyewe, na humo alikumbusha kwamba aliwahi kuwa mpinga imani na mtumishi wa watumwa katika Afrika.

Kuna uzi unaomfikisha hadi kwetu. Newton alikuwa miongoni mwa walioanzisha kikundi cha wachungaji cha London ambacho mazungumzo yake yalizaa chama cha kimisionari cha CMS mwaka 1799. Chama hicho ndicho kilichomtuma Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, kisha Rabai. Na mwaka 1875 chama hichohicho kilianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuwa makao ya watu waliookolewa utumwani. Mahali ilipo kengele yao panaitwa Kengeleni hadi leo.

Tunajifunza nini

Tunampenda Newton, na hatutaki kumhukumu. Msamaha wake tunamwachia Mungu aliyemwokoa. Lakini kuna jambo hakuweza kulifanya hata alipotaka. Hakuweza kwenda kuomba msamaha kwa wale aliowakosea. Walikuwa wametawanyika mashambani ng'ambo ya bahari, au wamelala chini ya maji, na katika daftari lake walikuwa namba. Hata wale waliomlisha akiwa na njaa hakuweza kuwatafuta. Aliungama mbele ya Mungu na mbele ya taifa, lakini hakuwa na mlango wa kubisha.

Sisi milango tunayo. Kwaya yoyote iliyodumu miaka mingi huwa na watu wasiosalimiana. Watu hukosana kwa ajili ya michango, ya sare, ya pesa za kurekodi, au ya nani alipewa kuongoza wimbo. Wengine huhamia kanisa jingine, na wengine hubaki na kuimba safu moja bila kutazamana. Yesu alifundisha katika Mathayo 5:23-24 kwamba sadaka ingoje madhabahuni mpaka ndugu wapatane. Wimbo nao ni sadaka.

Kwa hiyo kamati inawaomba wapendwa wote, katika juma hili kabla ya Jumapili ya sherehe, mambo manne. Kwanza, anayejua amemkosea mwenzake aende kwake, asimtume mtu. Pili, akifika alitaje kosa lenyewe, maana kusema tu kwamba kama nilikukosea unisamehe ni kama kuimba wimbo bila kuandika kijitabu. Tatu, kama kuna cha kurudisha, kirudishwe, kama Zakayo alivyofanya katika Luka 19. Nne, anayeombwa msamaha asiharakishwe wala asilazimishwe kwa maneno ya dini. Apewe nafasi alie kwanza kama anahitaji kulia. Makosa ya siri hayahitaji kutangazwa kwenye madhabahu. Ungamo lifike pale kosa lilipofika.

Wale walioacha kwaya kwa uchungu wamealikwa pia, na viti vyao vimewekwa pamoja na vya wanakwaya wa zamani. Tutakapousimamia wimbo wa Newton siku hiyo, tunatamani uimbwe na watu ambao wameshasemezana.

Mungu awabariki nyote, na karibuni sana katika jubilii yetu.

Katibu wa Kwaya, kwa niaba ya Kamati